Mlinzi wa Nyumba ya Mgogo

Mama yangu aliigawa nyumba yake mchana kweupe, tena akicheka. Mimi nilikuwapo, nimekaa kwenye kigoda namenya mihogo, na nilicheka naye, mjinga mimi.

Ilikuwa siku ya tathmini kule Tura. Barabara ilikuwa inapanuliwa, na kila nyumba iliyopigwa alama nyekundu ilitakiwa kuthaminiwa ili mwenyewe alipwe fidia. Akaja mthamini, mtu mzima mwenye kitambi chake, na karani mama wa makamo aliyebeba fomu. Mama alimuuliza mthamini kabila lake hata kabla ya kumpa kiti. Akasema yeye Mgogo. Weee! Mama alipiga makofi utadhani kapata mchumba.

Kwa asiyejua, sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Babu zetu walipita kwao na mizigo mabegani wakielekea pwani, wakatozwa hongo ya kupita na ya kunywa maji, na ule ugomvi ukageuka utani mpaka leo. Mtani anaweza kukutukana msibani kwako na kuondoka na kuku wako, na huruhusiwi kununa.

"Mlikula hongo ya babu zetu hamkushiba," mama akamwambia, "sasa mmefuata na nyumba? Haya ichukue, ni yako. Mimi hapa mlinzi tu, na mshahara hujanilipa!"

Mthamini akajibu kwamba mlinzi mwenyewe mvivu, hata uwanja hajafagia. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Karani hakucheka. Yeye alitoka mbali, kwao hawana utani wa namna hiyo, na kazi yake ilikuwa kuandika majibu. Penye nafasi ya mmiliki akaandika kwamba anayeishi humo ni mlinzi na mwenye nyumba ni mtu mwingine. Mama akabandika dole gumba bila kusomewa, maana alikuwa bado anamalizia kumtukana mtani wake.

Orodha ilipobandikwa, jina lake halikuwamo. Majirani walilipwa, wakajenga. Nyumba ya mama ikabomolewa, naye akahamia kwangu mjini, Chemchem, na masufuria yake manne.

Nampenda mama yangu, lakini miezi ile, Mungu anisamehe! Alihamisha vyombo vyangu vyote. Aliwaambia wateja wangu kwamba mishono yangu imepinda. Tuligombana kuhusu mkaa, kuhusu mboga, kuhusu pazia. Ila siku moja nilimkuta amesimama jikoni, mikono mitupu, ananisubiri nirudi ili aniombe ruhusa ya kutumia chumvi. Mwanamke aliyenilea mimi! Hilo liliniuma kuliko ugomvi wote, na kesho yake asubuhi nikaenda ofisini.

Wakaniambia orodha imefungwa. Kuifungua kwa ajili ya mtu mmoja kunahitaji jedwali la nyongeza lenye jina lake peke yake, lisikilizwe kwanza, kisha lipande hadi juu likasainiwe. Nikasema sawa, lipande. Nilifunga duka langu la ushonaji pale Kanyenye mara nyingi mpaka majirani wakadhani nimefilisika. Barua nilizopeleka sizikumbuki idadi, na kila nilipoambiwa njoo wiki ijayo nilikwenda, tena nimenuna.

Hatimaye kikao kikaitwa. Watu watano mezani, wote kwa sababu ya bibi mmoja wa Tura. Mama alivaa kitenge kipya na kuketi kama bibi harusi. Mwenyekiti akamuuliza kwa upole kwa nini alisema yeye ni mlinzi.

"Nilikuwa namtania, baba."

"Mama, serikali haiwezi kujua lipi utani na lipi kweli. Imeandikwa hapa, na dole gumba lako lipo."

Nikageukia mlango. Ndipo akaingia yule mthamini, ambaye alikuwa ameshahamishwa na nilimbembeleza kwa simu mpaka akakubali kuja. Mama alipomwona tu, akasahau tuko wapi.

"Mgogo wewe! Umekuja kunilipa mshahara wangu, au umefuata na kitenge?"

"Mama, nyamaza!" nikamfinya. Nilijua tumekwisha.

Mthamini akawageukia wajumbe. "Mmemsikia wenyewe. Ndivyo alivyosema siku ile, hivi hivi. Mlinzi gani anamtukana mwajiri wake siku ya mshahara?" Mjumbe mmoja akaangua kicheko, wakafuata wote, hata mwenyekiti. Kisha mthamini akasema bila mzaha kwamba kosa ni lake, alisaini fomu bila kuisoma.

Jedwali lilirudi limesainiwa, jina moja katikati ya karatasi kubwa. Mama akajenga vyumba viwili pembeni ya Tura, mbali na barabara.

Mara ya kwanza kumtembelea niliingia moja kwa moja kama nilivyozoea, mchele kichwani.

"Rudi nje," akasema.

"Mama, mzigo mzito!"

"Rudi nje, upige hodi."

Nikatoka. Nikapiga hodi. Nikapiga tena, nikamsikia ndani anapanga vikombe bila haraka yoyote.

"Nani?"

"Mimi, mwanao!"

"Subiri."

Akaniacha juani hasa. Kisha akafungua mlango wote, akasimama katikati yake, akanitazama.

"Karibu kwangu," akasema.

Nililia pale pale mlangoni, mchele bado kichwani.