Ngamia Siku ya Kuvuka Mwanya

Wapagazi wenzake walimwita Ngamia kwa sababu ya shingo yake. Ilikuwa ndefu, imenyooka, na kwa miaka mingi ilikuwa imebeba mahema, majiko, mitungi ya gesi, na hata viti vya wageni ambao hawakutaka kukalia jiwe. Safari za milimani zilikuwa ndefu, siku baada ya siku nyikani bila kuona paa la nyumba, na yeye alizipenda kuliko kukaa nyumbani kwake. Mkewe alilijua hilo na alishachoka kulalamika.

Kilichomponza ni goti. Msimu huo lilianza kuvimba kila jioni, na zaidi ya mara moja aliingia kambini giza limeshatanda, wageni wakitetemeka kwa baridi wakisubiri hema lililokuwa kichwani mwake. Kiongozi wa safari, mtu wa haki lakini asiye na maneno mengi, akamwita pembeni.

"Kaka, siku ya kuvuka Mwanya nitakuangalia. Ukifika kambi ya juu na mzigo wako kabla jua halijazama, tuko pamoja msimu ujao. Usipofika, utakaa bohari kushona mahema. Usinichukie."

Ngamia alisema sawa, lakini moyoni alijiona kama mtu aliyesomewa hukumu. Bohari aliijua: chumba cha bati chenye harufu ya mafuta ya taa na kamba zilizolowa, dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na wazee wawili waliowahi kuwa wapagazi hodari wakigombania redio. Hakuwa tayari kuwa wa tatu.

Siku ya Mwanya, ile njia nyembamba kati ya vilele viwili, ikafika. Asubuhi baridi ilikuwa ya kung'ata masikio. Mizigo ilipimwa kwenye mizani iliyoning'inizwa mlangoni mwa kibanda, kiongozi akiitikia kwa kichwa kila mmoja ulipotimia. Mzigo wa Ngamia ulikuwa mtungi, jiko la chuma na hema kubwa. Ulipokwisha kupimwa alikwenda nyuma ya kibanda kulifunga goti kitambaa, maana hakupenda kutazamwa akilifunga. Aliporudi, shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa anamngoja na mzigo umeshakazwa kamba.

Kwa wapagazi, mtu hajitwiki. Mwenzako ndiye anayeuinua mzigo na kukuwekea juu ya ngata ya kichwani. Ngamia na shemeji yake walikuwa wakitwikana tangu shemeji hajaota ndevu, na hapakuwa na mkono mwingine uliogusa mizigo yao.

"Haya shemeji, inama," kijana wa watu akasema. "Leo tuone kama ni ngamia kweli au ni mbuzi aliyevutwa shingo."

"Wewe angalia usile vumbi langu tu."

Njia ilipanda kwenye vichaka, ikaingia kwenye nyasi kavu, kisha ikawa mawe matupu na ukungu unaokuja na kuondoka upendavyo. Goti lilikaa kimya. Ngamia alisikiliza kila hatua akitegemea lianze visa vyake, wapi! Alimpita huyu, akampita yule. Akaishukuru dawa ya kuchua aliyofungiwa na mkewe, akamshukuru Mungu, akaanza hata kuimba puani. Mpagazi wa miaka yote hiyo, asijiulize! Lakini tusimcheke sana. Alitaka mno iwe kweli.

Alivuka Mwanya na kufika kambini jua bado liko juu. Akauegemeza mzigo kwenye jabali na kuutua mwenyewe, kwa kuwa shemeji alikuwa hajatokea. Kiongozi akaja kumpa mkono.

"Hongera, kaka. Msimu ujao tuko pamoja."

Ngamia aligeuka upande ili macho yake yasionekane. Wengine wakaingia mmoja mmoja. Shemeji hakuonekana, naye ndiye aliyezoea kuwatangulia wote. Jua lilipoanza kuinama, furaha ikamtoka Ngamia. Akashuka kumtafuta.

Alimkuta chini ya mteremko mkali, ameuegemea mzigo wake, midomo imekuwa ya majivu.

"Miguu imegoma, shemeji. Nipe dakika."

"Nipe mzigo."

Ngamia akainama, akaukumbatia, akainua. Haukutoka ardhini. Akajaribu tena, goti likamwacha na akapiga matako chini. Ndipo alipofungua kamba. Juu ya vitu vya shemeji ulilala mtungi, na pembeni yake jiko la chuma. Vilikuwa vyake. Yeye alikuwa amepanda Mwanya na hema na rundo la magodoro ya sifongo.

"Tangu lini?"

"Leo tu. Dada alinililia, shemeji. Alisema ukiwekwa bohari hutamaliza mwaka."

"Na wewe hukuniambia."

"Ningekuambia ungekubali?"

Hasira ilimpanda, ikafuatwa na aibu, na aibu ikaizidi nguvu. Angekufa hapa huyu, akawaza, ningerudi kwa dada yake nikiimba puani. Akavua koti akamfunika, akamnywesha maji, akamsugua mikono mpaka rangi ikamrudia. Kisha akautoa mtungi na jiko, akavifunga kando.

"Nitwike," alisema.

"Shemeji, goti..."

"Nimesema nitwike."

Walipanda wakiwa bega kwa bega, shemeji na vitu vyake vilivyobaki mgongoni, wakipumzika kila walipopata jiwe la kukalia. Goti lilichoma hadi nyongani. Ngamia alilia waziwazi, bila kujificha, na shemeji akatazama njia. Giza liliwakuta mbali na kambi. Walipofika, kiongozi alitoka hemani na kurunzi, akammulika.

"Kaka, mbona unatoka huko? Si ulishafika mchana?"

"Hapana, kiongozi," Ngamia alisema. "Aliyefika mchana ni shemeji yangu. Mimi na mzigo wangu ndio tunafika sasa."