Anatega kunguru Upanga, anasubiri shore warudi

Saa moja na nusu asubuhi, Shomari Lukinga anaingia kwenye ua wa nyumba moja Upanga, amejitanda khanga ya mkewe kichwani. Kunguru walio juu ya paa wanamzomea vilevile.

"Jana nilivaa kofia, leo khanga. Wananijua tu," anasema taratibu.

Mwenye nyumba, Bi. Urmila, yuko dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bibi harusi. Chai ipo."

Shomari, 58, hutega kunguru kwa posho ya shilingi elfu kumi kwa siku. Mtego wake ni tundu la waya, kubwa kama kibanda cha vocha. Anawatoa kunguru kumi na tisa, mtaalamu wa kudhibiti kunguru atakuja kuwachukua. Wawili anawaacha, anawawekea maji na mabaki ya nyama kutoka bucha za Kariakoo.

Mwanzoni aliwatoa wote. Mtego ukakaa mtupu siku kumi na moja.

"Kunguru haingii nyumba isiyo na kunguru. Mimi nilidhani nafanya usafi."

Kunguru hawa wa shingo ya kijivu ni wageni waliozaliana wakaujaza mji. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Shomari, mtoto wa fundi reli wa Gerezani, anawakumbuka shore, ndege wa kahawia wenye vichwa vyeusi.

"Ndio waliokuwa wakituamsha. Mama hakuwa na saa."

Kila Alhamisi hukaa kimya dakika kumi, akiandika kila ndege anayemwona. Fomu huenda kwa mtafiti, Severa, atakayepeleka hesabu kwenye kikao cha jiji mwezi ujao. Kikao hicho ndicho kitaamua mitego ibaki au iondolewe.

Leo, dakika ya saba, sauti kama ya shore inatoka nyuma ya matangi ya maji. Shomari anainuka, anazunguka. Hamwoni.

"Andika, baba. Hata mimi nimesikia," anasema Urmila.

"Fomu inataka niliyemwona, mama."

"Miaka mitatu unamngoja. Nani atakukatalia?"

"Hakuna, na hapo ndipo penye shida. Nikiandika walio moyoni mwangu, kikaoni watasema shore wamerudi, kazi imekwisha. Mitego itaondoka, mayai yataliwa."

Kwenye mstari wa shore anaandika sifuri.

Mitego ikibaki, ataomba mmoja uwekwe Gerezani, karibu na alikozaliwa.

"Severa anasema huenda shore wakachukua miaka kumi kurudi," anasema. "Nitakuwa na sitini na nane. Basi nitanunua miwani, nimwone vizuri."