Ngoma ya Kamio ya Papa

Sisi wa zamani tulikuwa tunatambua kamio, lori ya mizigo, kwa pua mbele ya kuiona. Ikitelemuka milima ya Masisi, harufu ya freni zilizoungua inafika kwanza, halafu vumbi, halafu sisi watoto mbio, midomo imejaa maharagwe. Watoto wa leo wanatambua nini kwa pua? Hata maziwa ikichacha wanauliza telefone.

Papa yangu alikuwa shofere wa muzungu mmoja mwenye shamba la kahawa. Likizo moja alinipandisha, mimi binti wake wa kwanza, juu ya magunia, tuende Walikale. Muzungu alikaa mbele, anatazama saa. Katikati ya mutelemuko mrefu Papa akasimamisha kamio, akaruka chini, akatia jiwe mbele ya gurudumu. Moshi ulikuwa unatoka.

"Ngoma imepata moto," akasema.

Nikaanza kupiga makofi! Kwetu ngoma ikipashwa moto, njo watu wanaanza kucheza. Ningejua wapi kwamba gurudumu nalo liko na ngoma yake, kile chuma cha mviringo ambacho freni inakikamata? Papa alicheka mpaka akafuta macho.

"Mutoto yangu, ngoma ya ngozi ukiipasha moto inalia. Hii ikipata moto, inanyamaza. Unakanyaga freni, haikusikie."

Muzungu hakucheka. "Mwaga maji, tuende!"

"Maji ya baridi itaipasua, Bwana. Tungoje ipoe yenyewe."

"Ukikataa, kazi imeisha."

Kazi ile ndiyo ilikuwa inatulisha, watoto saba. Papa akachomoa ufunguo, akamupatia kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa. "Basi endesha wewe, Bwana. Mutoto yangu anashuka."

Muzungu akatazama bonde. Akatazama ufunguo. Akakaa juu ya jiwe la kando ya njia. Tulingoja mpaka Papa akatema mate kwenye gurudumu na mate hayakulia tena chwaa.

Tulifika Walikale wazima. Tuliporudi, muzungu akamufukuza Papa kweli. Mama alilia, halafu akachukua jembe. Tulikula viazi mwaka mzima, na sikusikia Papa akijuta hata siku moja.

Sasa vijana wanashuka mitelemuko ileile na pikipiki, moteri wameizima, eti wanachunga esanse, mafuta isiishe, na freni peke yake inabaki kuwashika. Nikiwa nimepanda nyuma na nikisikia harufu ile, ninamupiga dereva bega: "Simama! Ngoma imepata moto!" Wananicheka mimi bibi yao: "Koko anataka kucheza!" Wacheke. Mimi ninashuka, ninatafuta jiwe, ninakaa. Papa hayuko tena, lakini ile mikono yake miwili ninaiona mpaka leo, ufunguo juu yake, na haitetemeki.