Kubisha kwa Kifaransa

Siku niliyoripoti kazini Mbinga kulikuwa na manyunyu na baridi, na mimi mtoto wa mwambao wa Ziwa Nyasa nilikuwa nimevaa blauzi ya mikono mifupi. Mkuu wa shule, mzee mrefu aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, aliisoma barua yangu ya kupangiwa kituo akiwa amesimama, kisha akaisoma tena.

"Kifaransa," alisema. "Watoto hawa wana Kimatengo nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza kwenye mtihani. Hicho cha nne watakiweka wapi, Mwalimu?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelifikiria njia nzima tangu Songea. Lakini niliangalia sakafu nikasema, "Sawa, Mkuu." Akanipa Kiswahili cha Kidato cha Kwanza, na kwa huruma yake akaniongezea vipindi viwili vya Kifaransa Ijumaa mchana, saa ambazo mwanafunzi wa bweni anawaza kufua tu.

Ninyi walimu vijana huniuliza tulisoma nini huko chuo kikuu. Tulisoma mambo matatu: lugha, fasihi na utamaduni. Lugha ilianzia kwenye fonetiki, yaani elimu ya sauti, katika chumba kilichoitwa maabara ya lugha. Unavaa vifaa vya masikioni, unarudia maneno, kisha unasikilizishwa sauti yako mwenyewe. Mara ya kwanza nilicheka, maana Kinyasa changu kilisikika mle waziwazi. Utamaduni ulitufanya tukariri majina ya jibini ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzionja. Katika fasihi kulikuwa na uchambuzi wa matini: mnapewa ukurasa mmoja tu, mnakaa nao saa mbili, mnauliza kila neno limefuata nini hapo. Mpaka leo sijapata kazi niliyoipenda kuliko hiyo.

Kilichonishinda ni mtihani wa mazungumzo. Unakaa peke yako mbele ya mhadhiri, mnajadili matini. Mhadhiri wetu wa fasihi alikuwa mama wa Kikongo, mpole wa sauti na mkali wa kalamu. Alinipa ukurasa uliohusu kijiji cha kando ya mto. Humo mwandishi alisema wanawake hunyamaza wote upepo unapogeuka. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa akianika usipa, dagaa wa ziwa letu, kwenye chanja, upepo ukigeuka na baba yuko majini, midomo inafumbwa.

"Mwandishi huyu hayajui maji," mhadhiri alisema. "Ameyaweka kama pambo tu."

"Oui, Madame," nilijibu. Ndiyo, Mama.

Baada ya kitambo akasema, "Hakuna mwandishi anayeyajua maji kama huyu."

"Oui, Madame."

Akaweka kalamu chini. "Binti, nimekuambia mambo mawili yanayopingana, umeyakubali yote. Sasa wewe mwenyewe uko wapi?"

Kwetu binti huongea na mkubwa akiwa amepiga goti, macho chini, na akishaambiwa neno hulipokea. Nilidhani ninaonyesha adabu. Yeye aliona msichana asiyesoma. Nikapata sapu, yaani kurudia mtihani, na nililia wiki nzima.

Niliporudi, nilimwamkia kwanza kama ninavyomwamkia mama yangu. Kisha nikamwambia kwa Kifaransa kwamba sikubaliani naye kwamba mwandishi yule hayajui maji, nikamweleza habari za chanja na upepo. Alisikiliza mpaka mwisho. Alinifaulisha, akasema, "Heshima yako imetangulia, na maneno yako yamefuata. Usiviache hivyo viwili vitengane."

Maneno hayo ndiyo niliyokwenda nayo katika kituo changu cha pili, shule ya sekondari ya mwambao, karibu kabisa na nyumbani. Huko mkuu wa shule alikuwa mama mchangamfu aliyeniruhusu Kifaransa kuanzia Kidato cha Kwanza. Nikaanzisha kipindi cha kubisha. Katika andalio la somo niliandika "mazungumzo", kwa sababu mkaguzi asingelielewa hilo jingine. Mwanafunzi anasimama, anasema "Shikamoo, Mwalimu", halafu ananipinga kwa Kifaransa. Mwezi wa kwanza wote walikubali kila nilichosema. Niliwaambia ziwa letu halina faida yoyote, wakaitikia kwa pamoja, "Oui, Madame," na nje ya dirisha mitumbwi inashusha samaki.

Wa kwanza kunibishia alikuwa Felista, msichana wa bweni kutoka Ukata. Nilisema usipa si samaki. Akaniamkia, akaniuliza kwa Kifaransa cha kuchechemea nilikula nini jana. Darasa lilicheka hadi mwalimu wa jirani akaja kuchungulia. Felista alitaka kwenda chuo kikuu kusoma Kifaransa, awe mkalimani. Alikuwa na uwezo huo, na nilimwambia hivyo.

Alipokuwa Kidato cha Tatu tuliletewa mkuu mwingine. Hakuwa mtu mbaya. Aliniita ofisini akaniambia anapendekeza wilayani Kifaransa kiondolewe kwenye ratiba muhula ujao, na wanafunzi wangu kumi na mmoja wahamie somo jingine.

"Unasemaje, Mwalimu?" aliuliza. Kalamu ilikuwa mkononi, karatasi mbele yake.

Aliniuliza kwelikweli. Ningeweza kusema, waache hawa wamalize Kidato cha Nne, nitawafundisha jioni. Sentensi moja tu ilitakiwa. Niliangalia sakafu.

"Sawa, Mkuu."

Alinitazama kidogo, kisha akaandika.

Jioni hiyo Felista alinifuata. "Shikamoo, Mwalimu. Mkuu alipokuambia, ulimjibuje?"

"Nilikubali," nilisema.

Akanijibu kwa Kifaransa, bila kuchechemea mahali popote, kwamba hakubaliani nami. Kesho yake alikwenda ofisini peke yake. Mkuu aliniita baadaye, amechoka. "Mtoto wako amenibishia kwa adabu mpaka nimekosa pa kumshika. Lakini barua imeshakwenda, na ndani imeandikwa kwamba mwalimu wa somo hana pingamizi."

Felista hakufanya mtihani wa Kifaransa. Leo ni bibi shamba kata ya Ruanda, anabishana na wakulima juu ya kupogoa mikahawa, na nasikia wanamsikiliza. Mimi niliendelea na Kiswahili mpaka nikastaafu.

Siku ya kuniaga, afisa kutoka wilayani alinisifu kwamba katika utumishi wangu wote sikuwahi kubishana na kiongozi. Ukumbi ulipiga makofi. Felista alikuwa amekaa safu ya mbele, mikono mapajani.

Nilipopewa nafasi nilisimama na karatasi yangu ya shukrani. Nikaikunja. "Ndugu Afisa, nakushukuru, ila sikubaliani nawe," nilisema. "Hilo si la kunisifia. Kuna watoto kumi na mmoja walipoteza somo kwa sababu ya huo usikivu wangu, na mmoja wao yuko hapa." Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Afisa alivumilia, na mimi nikakaa.

Nimejiuliza tangu hapo kazi hii ilinipa nini. Nilifundisha watoto wa watu kusimama mbele ya mkubwa, na ilipofika zamu yangu nikabaki pale pale nilipoanzia, macho sakafuni, kule Mbinga. Inaniuma, na sitaki kuwaficha.

Wageni walipotawanyika Felista alikuja, akapiga goti kama tunavyofanya huku. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Siku ile kwa nini hukusema?"

"Niliogopa," nilimwambia.

"Nilijua, Mwalimu," alisema. "Nilikuwa nasubiri uniambie." Kisha akainuka, akapiga makofi, peke yake.