Nyumba ya Nyanya Ndani ya Baa

Wiki iliyopita nyanya alinituma Lodwar nikamkagulie nyumba yake, ambayo hajaiona tangu alipohamia Kakuma kwa shangazi. Nyumba yenyewe, rafiki yangu, ni baa ya hoteli. Na pamoja na shahada zangu mbili, sijui nikueleze vipi.

Nilipokuwa mdogo, mwenye hoteli, tajiri aliyetoka mbali, alitaka baa inayofanana na kisiwa. Alichoresha bahari ukutani, akaning'iniza kasuku wa plastiki juu ya kaunta, kisha akampa nyanya kazi ya kuijengea baa kibanda cha makuti. Makuti ya pwani hayakupatikana, kwa hiyo tulikata majani ya mikoma, miti ya jamii ya mnazi, kando ya mto Turkwel. Mimi niliyalowesha na kumpitishia. Harufu yake mbichi ilichanganyika na ya juisi ya nanasi. Nyanya alisuka alichokijua, yaani nyumba ya Kiturkana, yenye mlango wa kuinamia.

"Mama, hii mlango ni ya mbuzi?" tajiri alilalamika.

"Mbuzi hanywi pombe," nyanya alimjibu. "Hao watu wako wainame."

Wakainama. Kwetu mwanamke ndiye anayejenga, na aliyejenga ndiye mwenye nyumba. Basi kila Jumapili, baada ya kanisa, nyanya aliingia, akaketi penye kaunta na kuwakemea wavuta sigara.

"Karibu kwako, mwenye nyumba," tajiri alimwambia huku akicheka, soda mkononi. Alikuwa akitania, au akikiri? Nimelipima swali hilo kwa kila njia niliyofundishwa chuoni, nisipate jibu.

Safari hii nilikuta paa la mabati, vigae sakafuni, dari nyeupe na runinga kubwa. Mlango ni mrefu, wa kioo. Hata hivyo niliinama.

"Hiyo makuti walitoa kitambo, dada," mhudumu aliniambia. "Ilikuwa inaleta nge." Tajiri alikuwa ameuza, akahama. Hakuna aliyekumbuka kumwarifu nyanya.

Kabla sijatoka, simu yangu ikaita.

"Nyumba yangu inavuja?"

"Haivuji, nyanya."

"Afadhali. Hii mikono haiwezi kusuka tena."

Akacheka kwa furaha, akakata simu. Mabati hayavuji, kwa hiyo sikusema uongo. Tangu siku ile naligeuzageuza jibu langu, na bado sijui ni nyumba ya nani niliyoisemea.