Maziwa ya Masanja

Juzi pale Katoro niliona mzee juu ya baiskeli akipitwa na bodaboda, akasonya. Nikamkumbuka Baba, bingwa wa mbio za baiskeli kwetu Shinyanga, na kijana Masanja aliyeanza kumshinda.

Masanja alikuja kwetu alasiri moja, kesho yake yeye na Baba wakiwa na mashindano.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Kiti chenyewe kilikuwa kigoda changu. Baba akamtilia maziwa ya mgando niliyowekewa mimi, akaitazama miguu yake iliyonukia samli ya kuchulia misuli, akamuuliza mlimani anakanyagaje pedali. Nikaamini amepata mtoto wa kiume, na mimi binti sina nafasi tena.

Nikaokota mwiba wa mgunga, nikachuchumaa nyuma ya baiskeli ya Masanja, nikaudidimiza taratibu kwenye tairi. Nilipoinua kichwa, Baba alikuwa ananitazama. Nikasubiri fimbo.

Masanja akataka kuinuka. Baba akamshika bega, akamwongezea maziwa. Kwa miaka mingi nilidhani alikuwa ananificha mimi tu; sikuyafikiria mashindano ya kesho yake.

"Kunywa, mwanangu," alimwambia kwa upole. "Una haraka gani?"