Nilichoma Blanketi la Mtoto Wangu kwa Tamaa ya Dhahabu

Mimi ndiye niliyekosa, na sitafuti wa kunihurumia. Nina wajukuu sasa, lakini nilichofanya sijakisahau.

Ilikuwa ile miaka ya uhaba, mwanzoni mwa themanini, blanketi dukani hulioni. Mimi na shemeji yangu Yoeli, kaka wa mke wangu, tuliacha mashamba Isansa, Mbozi, tukaenda kuosha dhahabu kwenye kijito huko Mbangala. Tuligonga mbao tukapata sanduku refu la kutega majini. Unamwaga mchanga kwa juu, maji yanausukuma, na dhahabu kwa uzito wake inabaki kwenye gunia ulilotandika chini.

Mimi nililiinamisha sanduku mno, maji yaende mbio, kazi iishe. Yoeli akaniambia, "Shemeji, punguza mteremko. Maji haya yanaondoka na mali yetu."

Nikamjibu hovyo. Nikasema ubaya ni wa gunia, kwamba blanketi lenye manyoya ndilo linalonasa vumbi la dhahabu.

Blanketi nililijua moja tu, la mke wangu, alilopewa na mama yake alipomzaa Neema wetu. Nikalifuata nyumbani. Mke wangu akauliza, "Baba Neema, na baridi hii mtoto nimfunike nini?"

Nikasema kanga zipo. Kanga! Mwezi wa saba, Mbozi, kwa mtoto ambaye hata kukaa hajaanza. Mdomo huu huu ndio uliosema hivyo.

Blanketi likashika matope matupu. Nikalikausha, nikalichoma, maana nilisikia vumbi la dhahabu hubaki kwenye majivu. Nikaosha yale majivu kwenye karai kama mwendawazimu. Hapakuwa na kitu.

Yoeli hakugombana nami. Alilishusha sanduku kidogo upande wa juu, mteremko ukapungua, akatandika gunia letu lile lile bovu, akamwaga ndoo chache za mchanga. Punje zikabaki, zinang'aa. Akatema mate chini, akasema, "Chukua. Mimi naenda kumwona dada."

Mtu mwenye haya angemfuata. Mimi nilibaki naosha, nachekelea peke yangu.

Niliporudi Isansa na dhahabu yangu mfukoni, nilikuta watu wamekaa uani. Neema alikuwa amekufa kwa kichomi alfajiri ile. Nikanyoosha mikono nimpokee. Mama yake akamgeuzia upande wa pili, akasema taratibu tu, "Wewe usimshike."

Yoeli ndiye aliyembeba kwenda kuzikwa. Mimi nilitembea nyuma na watu wa mbali.

Wewe unayeosha mchanga sasa hivi, sanduku likikataa kunasa, inama ulirekebishe hapo hapo mtoni. Nyumbani kwako usiende kuchukua kitu. Mke wangu hakuniacha, tulizaa wengine, lakini kila mmoja alipozaliwa alimpa Yoeli ampakate kwanza, si mimi.